Kaseti niliyoifuta

Habari za jioni jamani. Nyie mliosimama huko nyuma njooni, viti bado vipo hapa mbele, msiogope hakuna mtihani. Mwenyeji wetu kanitambulisha kama "mtafiti", namshukuru sana ila sio kweli, mi ni mtu wa kuokotaokota santuri, vitabu na kaseti za zamani tu, na mke wangu ana jina lake analoiita hii kazi ambalo sitalitaja mbele za watoto. Nimekuja na boksi moja. Nyumbani yapo mengi ila nimekuja na bodaboda.

Mi ni wa Morogoro, mji kasoro bahari. Sasa enzi zile ukizaliwa Moro ukasema hupendi muziki unapelekwa kwa mganga. Mji mdogo vile, upande huu bendi ya Cuban Marimba ya Salum Abdallah, upande ule bendi ya Morogoro Jazz, na watu wamegawana kama Simba na Yanga, mtu na kaka yake hawaendi dansi moja. Salum alifariki 1965 mi bado sijazaliwa, kwaiyo huyo namjua kwa santuri na kwa simulizi za shangazi zangu tu. Lakini Mbaraka Mwinshehe, yule aliyevuma na Morogoro Jazz, namkumbuka, Januari 1979 zilipokuja habari kwamba amefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa nilikuwa na miaka kumi, na nilimkuta baba amekaa kwenye kigoda mlangoni, viatu vya kazini hajavua, redio ameipakata kama mtoto mgonjwa. Hakuongea mpaka chakula kikapoa.

Hii hapa santuri ya Mbaraka mojawapo. Naishika kwa pembeni hivi, ukiweka dole gumba juu ya mifereji hatuelewani. Hii imetoka Nairobi, maana kwetu hapakuwa na kiwanda cha kuchapa santuri, bendi ya Moro ikitaka sahani inapanda basi kwenda Kenya. Alafu oneni huu mkwaruzo hapa, sindano ikifika hapa inaruka, inakula neno moja na nusu. Nimeisikiliza hivyo miaka na miaka, mpaka siku hizi nikisikia wimbo huohuo kwenye simu umenyooka, haurukii popote, nahisi kabisa kuna kitu wamekosea.

Haya, vitabu. Vitabu sina vingi vya maana, vya wakubwa kina Shaaban Robert mtavikuta maktaba na mtavikuta visafi. Mimi nakusanya vile vilivyosomwa mpaka vikachakaa. Vya upelelezi, vya jasusi Willy Gamba wa Elvis Musiba, vya Joram Kiango wa Ben Mtobwa, hivi vilikuwa havikai nyumbani kwa mtu, kinatoka kwa dereva kinaenda kwa muuguzi kinaenda bwenini kwa wanafunzi, kinasomwa kwa kibatari, kikirudi hakina jalada. Hiki hapa ni cha Willy Gamba na kurasa za mwisho zilishadondoka zamani. Sasa kuna mtu, simjui na sitamjua, alichana karatasi ya daftari, ile ya mistari, akaandika mwisho kwa bik ya bluu, akaushonea kwa uzi mweusi, karatasi mbili na nusu! Mwandiko mzuri wa mtu aliyechapwa sana shuleni. Miaka ya baadae nikapata nakala nzima nikalinganisha, jamaa alikuwa anakumbuka karibu kila kitu, ila kuna sehemu moja alimpa Willy Gamba maneno ya kishujaa ambayo kitabuni hayamo. Na mi naona ya kwake ni bora, samahanini kwa wataalamu wa fasihi mliopo hapa.

Magazeti ya Sani pia ninayo kidogo, yale ya katuni, kina Ndumilakuwili na Lodi Lofa. Mengi yaliishia kufungia karanga na vitumbua. La kwanza kulipata nilinunua karanga ambazo sizitaki kwa mama mmoja sokoni, nikamwambia mama naomba zile za kwenye karatasi ya chini, akaniangalia kama nimechanganyikiwa, akasema karanga ni zilezile baba. Nikamwambia najua.

Sasa nije kwenye kinachoniuma. Ukikaa na haya maboksi muda mrefu unagundua kitu, kwamba kilichobaki ni kile kilichouzwa. Santuri ilinunuliwa kwa hela, mtu akaitunza. Kitabu kilinunuliwa, hata kikizunguka kina mwenyewe. Lakini vile vitu tulivyopewa bure hewani ambavyo ndo vilikuwa vinakusanya mtaa mzima, vimekwenda na upepo. Vichekesho vya Pwagu na Pwaguzi pale RTD, Radio Tanzania ya enzi hizo, nani anavyo? Jina lenyewe ni methali, pwagu hupata pwaguzi, mjanja na mjanja mwenzie, na ukifika muda wake mtaani kwetu hata waliogombana asubuhi walikuwa wanakaa mkeka mmoja maana mwenye redio ni mmoja. Nakumbuka kicheko kuliko vichekesho. Ukiniambia nikupe kisa kimoja kizima, naanza vizuri alafu napotelea katikati. Tofauti na kina King Majuto, hao mikanda yao iliuzwa, ipo, mnawaona mpaka leo kwenye simu zenu. Hata Charlie Chaplin wa Wazungu huko, aliyekuwa anaoneshwa ukutani usiku na gari la sinema, yeye kabaki mpaka kwenye lugha, mtu mcheshi tunamuita chale na hatujui kama tunamtaja yeye.

Na mpira hivyohivyo. Kabla ya televisheni, mpira ulikuwa ni sauti. Mtangazaji akipandisha sauti na wewe unapanda, hujaona kitu, ila ukienda kulala unaapa uliona.

Baba yangu alikuwa Yanga. Yanga ya kuumwa. Julai 1977 Simba na Yanga wanacheza, akaazima kinasa sauti cha jirani akakiweka mbele ya redio, maana redio yetu haikuwa na sehemu ya kaseti, akanunua kaseti mpya ya dakika tisini na betri mpya, anasema leo nataka niweke kumbukumbu. Akaiweka kweli, sita bila! (Vicheko.) Nyie wa Simba mnacheka sana, basi jueni Kibadeni peke yake alifunga matatu, na mpaka leo hakuna kipigo cha watani kilichozidi hicho. Kilichonishangaza hakuitupa kaseti. Alivunja vile vimeno viwili vya juu ili mtu asiweze kurekodia tena, akaandika kwa kalamu nyekundu USIGUSE, akaifungia kabatini. Mama akimuuliza ya nini, anajibu, "Ni yangu."

1984 nina miaka kumi na tano, tumeshanunua redio kaseti, na RTD wanapiga Mlimani Park Orchestra, ndo Sikinde wenyewe, na mi sina kaseti. Mnajua tulikuwa tunafanyaje? Unakunja kikaratasi unakichomeka pale kimeno kilipovunjika, mashine inadanganyika, inarekodi. Nikachukua ya baba. Nikaijaza Sikinde upande A na upande B, nimekaa na kidole kwenye kitufe nikiomba mtangazaji asiongee juu ya gitaa.

Alipogundua nilijua nakufa. Akaisikiliza kidogo, akaitoa, akakitazama kile kikaratasi changu. Alafu akasema, "Kwaiyo ushahidi hakuna tena." Akatabasamu, akaenda zake barazani, na kuanzia siku hiyo mtu wa Simba akimtania sita bila anamuuliza, lete ushahidi.

Kafariki muda sasa, Mungu amrehemu. Kaseti ni hii hapa, maandishi mekundu yamefifia ila yanasomeka. Nimeirudisha kwa kalamu mwenyewe leo mchana, siamini mota ya hii redio. Nataka muisikie kwasababu wimbo wangu wa mwisho upande B uliisha kabla mkanda haujaisha, na mi sikujua, nilikuja kugundua miaka mingi baadae. Pale mwisho zimebaki sekunde kama kumi za zamani. Utasikia kelele za uwanja kwa mbali, mbuzi wa jirani, alafu sauti ya mtu mzima iko karibu kabisa na kinasa inasema, "Zima. Zima bwana, betri zinaisha."

Betri alizozinunua siku hiyohiyo.

Haya, nyamazeni kidogo huko nyuma, nabonyeza.