Chini ya Jani la Kahawa: Kutu na Majirani Zake

ZUHURA: Karibuni tena, tuko Kigoma, mwisho wa reli. Kaka Hamisi leo kaja na bahasha ya majani. Shikamoo kwanza.

HAMISI: Marahaba, mdogo wangu. Nimeyachuma jana Kalinzi, shambani kwa baba mdogo. Hebu ligeuze hilo.

ZUHURA: Juu lina madoa ya njano tu. Chini... eeh! Unga wa rangi ya chungwa. Umeniganda kidoleni kama manjano ya pilau.

HAMISI: Ndiyo kutu ya majani hiyo. Kuvu wake alipewa jina la kisayansi mwaka 1869, Hemileia vastatrix, wakati anaanza kuimaliza kahawa ya Sri Lanka, hadi wenye mashamba kule wakahamia chai. Hayo yanasimuliwa sana. Mimi nataka tuwazungumzie waliokuwa wakiishi kwenye jani kabla kutu haijafika.

ZUHURA: Wako wangapi?

HAMISI: Tazama ukucha wako. Kipande cha jani cha ukubwa huo, sentimita moja ya mraba, kinaweza kubeba bakteria milioni 1 hadi milioni 10. Bado hujahesabu hamira na kuvu. Na maisha yenyewe ni magumu: jua linachoma, umande unakauka mapema, nta imetanda kote, sukari inavuja kwa kudonoa. Wapo bakteria wa rangi ya pinki, Methylobacterium, wanaokula methanoli inayotolewa na jani lenyewe. Maabara wanalibandika jani kwenye sahani yenye chakula cha bakteria hao, wanaliondoa, na baada ya siku kadhaa umbo la jani linajichora pale kwa pinki.

ZUHURA: Natamani kuliona hilo! Sasa wanalisaidia jani, au wamepanga tu?

HAMISI: Wengine ni walinzi kabisa. Mwaka 2011 watafiti wa Zurich, Uswisi, walionyesha kwamba bakteria wa jamii ya Sphingomonas wakitangulia kukaa kwenye mmea, ugonjwa unaoletwa na bakteria mwingine, Pseudomonas syringae, ukija haupati nguvu.

ZUHURA: Basi ugonjwa ukishashika, hao walinzi wanakwenda wapi?

HAMISI: Hilo ndilo lililonikosesha usingizi. Kutu inapenya kwenye vitundu vya kupumulia, inanyonya seli zikiwa hai, halafu inachomoza tena kwa chini. Sehemu iliyokufa inamwaga maji na sukari, na wale wanaoishi kwa vilivyokufa wanavamia. Mwaka 2016 Eric Kemen na wenzake Ujerumani walichunguza mmea mdogo wa ukoo wa kabichi, wenye ugonjwa unaoletwa na kimelea kiitwacho Albugo. Aina za bakteria kwenye majani yale zilipungua. Na majani ya mimea tofauti yakaanza kufanana! Jani lisilo na ugonjwa lina ujirani wake, hili hivi, lile vile. Ugonjwa ukiingia, mitaa yote inakuwa mmoja.

ZUHURA: Inauma. Kumbe tunaona doa tu, kumbe kijiji kizima kimehamishwa.

HAMISI: Lakini geuza hilo la pili, taratibu.

ZUHURA: Hili unga wa chungwa umefunikwa na... kama pamba. Nyeupe.

HAMISI: Naamini ni kuvu anayekula kutu. Anaitwa Lecanicillium lecanii. Watafiti John Vandermeer na Ivette Perfecto wamemfuatilia miaka mingi kwenye kahawa ya Chiapas, Mexico. Huwashambulia pia wadudu gamba wanaofugwa na sisimizi. Anapenda kivuli na unyevu, na mibuni ya baba mdogo iko chini ya migomba.

ZUHURA: Tukipuliza kopa, ile dawa ya shaba, je?

HAMISI: Kopa haichagui, inaua kuvu na bakteria, adui na mlinzi. Simwambii mkulima aache dawa, maana kutu ikizidi majani yanapukutika na mavuno ya mwaka ujao yanakwenda. Namwambia ainame kwanza, ageuze majani ya kila mti, ndipo ajaze bomba.

ZUHURA: Baba mdogo alisemaje?

HAMISI: Alikaa kimya, akalitazama lile jeupe muda mrefu. Akachana kamba ya mgomba, akaifunga kwenye lile tawi, akamwambia kijana wa dawa: "Hili liruke."