Ijibu Kwanza, Uisahihishe Baadaye: Mhadhara kwa Walimu wa Uandishi wa Vijana, Mombasa

Walimu wenzangu, asalaam aleikum, na hamjambo nyote. Ahsanteni kwa kuja, maana najua wengi wenu mmetoka kazini moja kwa moja na hakuna anayewalipa kwa jioni hii. Nina jambo moja la kuwaomba, nalo ndilo litakaloamua kama vijana wetu watarudi kwenye darasa letu la uandishi Jumamosi ya pili: kazi ya kijana ijibu kwanza, ndipo uisahihishe.

Kuijibu ni kumwonyesha kuwa umeisoma. Umwulize yule mjomba aliyetoka usiku alikwenda wapi. Umwambie kuwa pale mlango ulipogongwa nawe ulishtuka. Umwambie hujaelewa kwa nini dada mtu alinyamaza, na ungependa kujua. Mambo ya herufi kubwa na nukta yapo, tutayafikia.

Shule siilaumu. Mwalimu wa shule ana darasa lililofurika na mtihani unamkodolea macho. Karatasi ya insha ya kidato cha nne ina maswali manne, la kwanza ni la lazima, na kila insha ina alama 20. Mtu atafundisha kile kinacholeta alama, na mimi ningekuwa mahali pake ningefanya vivyo hivyo. Ndiyo maana watoto wetu wamekariri mianzo. Nyote mnaijua: jua la utosini, ndege wakitumbuiza mitini, wahenga hawakukosea waliponena.

Niliwahi kuonyeshwa insha ya msichana wa gredi ya saba. Aya ya kwanza yote ilikuwa jua na ndege. Kisha, katikati ya ukurasa wa pili, nyanya yake anarudi kutoka kuuza mahamri, na mtoto anaandika hivi: alizipanga sarafu sakafuni, za ishirini mbali, za kumi mbali, akazihesabu mara mbili, akazifunga kwenye pindo la leso, akaniambia nisimwambie mjomba. Jamani! Nyumba nzima imo humo. Tumejua hali yao ya pesa, tumejua nyanya anamhofia nani, na tumejua mtoto huyu anaaminiwa siri. Sasa tazameni kalamu nyekundu ilipopita. Kwenye jua la utosini ilitia tiki. Kwenye sarafu haikutia kitu, isipokuwa neno moja lililopigiwa mstari kwa kosa la tahajia. Safari ijayo mtoto huyo atatupa jua zaidi, na atamwacha nyanya nje.

Kwetu sisi kusahihisha bila kujibu kungekuwa aibu kubwa, kwa sababu mji huu uliwalea washairi wake kwa majibu. Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, alitunga mengi akijibizana na watu. Wakati wa uhasama wa Mombasa na Lamu, beti zilikwenda na kurudi baina yake na washairi wa huko, akiwemo Bwana Zahidi Mngumi. Mtu anayejua kuwa atajibiwa hulipima neno lake kabla hajalitoa, maana upande wa pili yupo atakayelidaka. Hakuna alama 20 inayoweza kumfunza mtu hivyo.

Na Muyaka alipofariki, mashairi yake yalibaki vichwani mwa watu. Aliyeyakusanya miongo kadhaa baadaye, akisaidiana na mmisionari Mwingereza, William Taylor, alikuwa mwalimu wa hapa hapa, Mwalimu Sikujua bin Abdallah. Diwani yenyewe ilikuja kuchapishwa Johannesburg mwaka 1940, Mwalimu Sikujua akiwa ameshafariki zamani. Mimi mwalimu huyu namheshimu mno. Muyaka tunaye leo kwa kuwa mtu kama yeye aliona maneno ya watu wa mtaani yanastahili kusikilizwa mpaka mwisho na kuwekwa. Kazi yetu ni ya ukoo huo.

Zoezi la kwanza ninalolipendekeza limetokana na hilo: kijana amwandikie mtu mmoja anayemjua. Mwana Kupona binti Mshamu alipotunga utendi wake mwaka 1858 alikuwa akizungumza na binti yake, mama mwenyewe akiwa mgonjwa. Ndiyo sababu hadi leo tunamsikia mama anasema. Kijana akipewa mada ya “Athari za Mihadarati” atakupa hotuba. Mwambie amwandikie kakake aliyeacha kurudi nyumbani, uone.

Kuna suala la lugha, na hapa nitakuwa mkali kidogo. Mwaka 1928 mkutano ulifanyika hapa Mombasa, na katika mkutano huo Kiunguja, lahaja ya Unguja, ndicho kilichochaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu; Kimvita, lahaja ya mji huu, kikaachwa mlangoni pake chenyewe. Yamekwisha, na sanifu vijana wanaihitaji. Lakini mtoto wa Kibokoni akiandika kuwa mamake alimwita, “Ndoo hapa!”, usimkatie ukamwandikia “njoo”. Mama alisema hivyo. Wa Kisauni ambaye nyanya yake anakaripia kwa Kigiriama, mwache nyanya akaripie kwa Kigiriama. Vijana wa stejini wakiongea Sheng, waongee. Masimulizi yenyewe, kijana akitaka yawe sanifu, hapo msaidie kwa bidii zako zote, umwonyeshe kila upatanisho wa ngeli uliomponyoka. Hiyo nayo ni heshima.

Sasa lililo zito. Ukimjibu kijana kwa kweli, naye ataandika kweli, na siku moja utasoma jambo la kukukosesha usingizi: kipigo, njaa, au mtu mzima anayemwingilia. Siku hiyo weka kalamu chini kabisa. Usiisome kazi hiyo mbele ya wenzake wala usimpigie picha daftari. Usimhoji kama askari. Na tafadhali, usimwahidi kuwa utaificha siri hiyo, kwa sababu hutaweza, na hupaswi. Mwambie umeisoma, unamwamini, na kuna watu mtakaowaendea pamoja. Mwone mratibu wa darasa letu siku hiyo hiyo. Namba 116 ya kusaidia watoto hupigwa bure, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 iko upande wake. Nataka kila mmoja wenu aijue namba hiyo kwa moyo kabla hajaingia darasani.

Jingine dogo: vijana wakiandika, nanyi mwandike. Msizunguke kama wasimamizi wa mtihani. Mkimaliza, mwalimu mmoja asome yake, wao ndio wamjibu.

Jumamosi, basi, kijana asiondoke bila jibu la maandishi kutoka kwa mwalimu wake, japo sentensi mbili, nalo lizungumzie kilichomo ndani ya hadithi. Marekebisho yangoje rasimu ya pili, na yaandikwe kwa penseli. Madaftari yako mezani hapo nje pamoja na orodha ya majina. Kila mwalimu achukue ya vijana wake. Mwenye swali, karibu.