Nani Huyu Anayesema "Mimi"?

Assalamu alaikum, wazee wangu, mabibi na mabwana. Najua baadhi yenu mmekuja mkitarajia kufundishwa kuvuta pumzi na kukunja miguu. Miguu kaeni nayo mtakavyo. Mimi nimekuja na swali moja: mimi ni nani?

Aliyelifanya swali hili kuwa njia nzima ya kiroho ni Ramana Maharshi, mwalimu wa Kihindu wa kusini mwa India, aliyezaliwa mwaka 1879. Julai 1896, akiwa na miaka 16 nyumbani kwa ami yake mjini Madurai, alishikwa ghafla na hofu ya kufa, na wala hakuwa mgonjwa. Hakumwita mtu. Alijilaza, akakaza viungo kama maiti, akajiuliza: mwili huu ukenda kuchomwa, nami ndiyo nimekwisha? Akaona yupo anayeujua mwili ule, na kwamba kifo hakimfikii huyo. Wiki chache baadaye alitoroka kwao, akafika Tiruvannamalai chini ya mlima Arunachala, na hapo aliishi hadi alipofariki Aprili 1950.

Sasa tuliteremshe jambo lenyewe hapa kwetu. Uko Likoni, foleni ya feri haisogei, jua la utosi, na wa nyuma anakupigia honi. Hasira inapanda. Kawaida yetu ni kumwandama yule dereva kwa mawazo hata tukafika ng'ambo bado twagombana naye kichwani. Maharshi asema: mwache. Uliza, hasira hii imemjia nani? Imenijia mimi. Haya, huyo mimi ni nani?

Na hapa ndipo wengi hupotea, maana hukimbilia jawabu. Mimi ni fulani, mzaliwa wa Majengo, mwalimu, baba wa watoto watatu. Hayo ni ya kitambulisho! Swali halitaki maneno; lataka uigeuze ile nadhari iliyokuwa kwa dereva, uielekeze kwa huyo ahisiye "mimi", ukae hapo. Likizuka wazo jingine, ada ya shule au deni la dukani, usipigane nalo. Uliza tena: limemjia nani? Kisha rudi.

Wengine huligeuza swali kuwa uradi, wakalirudia wakihesabu tasbihi. Uradi una heshima yake, lakini hili halifanyi kazi hivyo. Maharshi mwenyewe alilifananisha na kijiti cha kuchochea moto wa kuchomea maiti: huchochea mpaka mwisho, nacho kikateketea humo humo.

Kuna hoja yake moja naipenda kuliko zote. Katika usingizi mzito usio na ndoto, jina huna, kazi huna, hata mwili huujui. Lakini asubuhi wasema, "Nimelala vizuri." Nani alilala vizuri? Msinijibu upesi.

Najua lililo nyoyoni mwa baadhi yenu: haya si mambo ya Kihindu? Ndiyo, yametoka huko, na sitayavisha kanzu ili myapokee. Maharshi, kama walivyo wafuasi wa Advaita, ile falsafa ya Kihindu isemayo hakuna uwili, aliamini kwamba mwisho wa uchunguzi huu utaona nafsi haikutengana na Mungu. Maulamaa wetu wengi hawatakubali, na tofauti hiyo si ndogo. Hata hivyo masufii nao wana muraqaba, yaani kutulia na kuuchunga moyo mbele ya Mungu, na sote tumekulia tukisikia kwamba mwenye kuijua nafsi yake amemjua Mola wake, ingawa wanazuoni kama Imamu Nawawi walisema kauli hiyo haijathibiti kuwa hadithi. Kuichungua nafsi, basi, si ugeni kwetu.

La mwisho: mwenye majonzi mazito, au anayesikia sauti na kukosa usingizi, asijifungie chumbani na swali hili. Amwone daktari kwanza.

Haya, maswali. Tuanze na kina mama huko nyuma, maana huku mbele wanaume wameshanyoosha mikono kabla sijamaliza.