Amri Isiyo na Mwenyewe: Toni ya Mshauri katika Vitabu vya Mafanikio

Waandishi wenzangu, wasomaji, na walimu mliohudhuria,

Nimeombwa nizungumze juu ya vitabu vinavyomwelekeza msomaji kuyatafuta mafanikio kwa njia zisizozoeleka, kama vile kuacha masomo, kuacha ajira, au kutegemea kipaji mahali ambapo wengine hutegemea cheti. Sikuja kuzihukumu njia hizo. Ninataka tuitazame toni, yaani namna sauti ya mwandishi inavyomkabili anayeshauriwa, kwa sababu ninaamini kwamba toni ndiyo huamua ni ukweli gani utapata nafasi kitabuni na ni upi utaachwa nje.

Tuanzie katika sarufi yetu wenyewe. Kitenzi "acha", kinapotumika kumwamuru mtu mmoja, hakina kiambishi cha nafsi wala cha wakati, kwa hiyo hakisemi nani aliacha wala lini. Ukisema "niliacha", umejitaja na umeutaja wakati, na papo hapo msikilizaji amepata haki ya kukuuliza: uliacha ukiwa na akiba gani, na nani alikulisha?

Miaka kadhaa iliyopita niliuhariri mswada wa kijana aliyefanikiwa katika biashara baada ya kukatiza masomo. Sura nzima ilikuwa ya amri: acha, thubutu, usisikilize, anza leo. Nilimwomba jambo moja tu, kwamba kila amri aigeuze iwe sentensi ya nafsi ya kwanza, wakati uliopita. Aliporudi, sura ilikuwa imerefuka karibu mara mbili, maana ndani yake alikuwa ameingia mjomba aliyempa chumba na chakula kwa miaka miwili bila kumdai chochote, na ilikuwamo pia biashara ya kwanza iliyokufa. Hakuwa amekusudia kumficha mjomba wake. Amri haikuwa na mahali pa kumweka. Nilihuzunika nikiwafikiria vijana ambao wangeisoma sura ile ya awali, wakaacha shule, wasiwe na mjomba.

Wapo watakaosema kwamba toni ya upole hudhoofisha ushauri. Ninawaelekeza kwa mshairi Mwana Kupona, ambaye mwaka 1858, akiwa mgonjwa, alimuusia binti yake hivi: "Negema wangu binti, mchachefu wa sanati, upulike wasiati, asa ukazingatia." Anamwita mtoto ajongee, kisha anatamani asikilize, na neno "asa", lenye maana ya huenda, linakiri kwamba uamuzi umo mikononi mwa msikilizaji. Ubeti unaofuata unaeleza kwamba maradhi yamemshika mwaka mzima. Binti anajua anaambiwa na nani, na katika hali gani. Wosia huo haukukosa nguvu, kwa kuwa bado tunausoma.

Mwaka mmoja baadaye, 1859, mwandishi Samuel Smiles alichapisha Uingereza kitabu chake "Self-Help", yaani kujisaidia mwenyewe, kilichotokana na hotuba alizowapa vijana wafanyakazi wa Leeds waliokuwa wakifundishana wenyewe jioni. Ninakiheshimu kwa wingi wa watu halisi waliomo, kama George Stephenson, mhandisi wa reli ambaye hakujua kusoma mpaka alipofikia umri wa miaka 18. Hata hivyo, toni yake ni ya ushindi mfululizo. Katika dibaji ya mwaka 1866 Smiles alisikitika kwamba jina la kitabu liliwafanya baadhi ya watu wadhani anasifu ubinafsi. Na walipomlaumu kwa kuwasahau walioshindwa, alijibu kwamba masimulizi ya kushindwa tu yangevunja moyo bila kufundisha. Hapo sikubaliani naye. Mtu anayeingia njia isiyo na alama anahitaji kujua wengine walipotelea wapi.

Tunao mfano wa karibu zaidi. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alitoka shamba, Fumba, akiuza vyungu vilivyofinyangwa na mama yake, na mwaka 1928 alifika Bombay kurekodi nyimbo zake katika santuri. Njia ile haikuwa ya kawaida kwa mwanamke wa hali yake. Ingekuwa rahisi kuyafupisha maisha hayo yawe agizo: imba, dunia itakusikia. Shaaban Robert, alipoandika wasifu wa Siti, alichagua usimulizi. Ni mwandishi asiyeogopa kuonya na kufundisha, lakini mafunzo yake yanamfuata mtu mwenye jina, aliyetafuta mwalimu wa kumfunza muziki na aliyevumilia kejeli za mjini. Waliomdhihaki waliimba: "Kama si sauti, angekula nini?"

Ninawaomba mnaoandika vitabu hivi mlibebe swali hilo la kikatili kwa uzito wake na mlijibu kurasani kwa ajili ya msomaji asiye na sauti kama ya Siti: kama si kile ulichokuwa nacho wewe, ungekula nini, na ungekula kwa nani?