Kisaga na Kibaba: Jinsi ya Kujumlisha Sehemu

Walimu wenzangu, na wazazi mlioacha shughuli zenu mkaja, asanteni sana.

Juzi mtoto wa darasa la tano alinionyesha daftari lake. Ameandika 1/2 + 1/4 = 2/6. Tumezoea kutia mkasi na kufungua ukurasa unaofuata. Leo tukae hapahapa kidogo. Hiyo 2/6 ni thuluthi, na thuluthi ni ndogo kuliko nusu aliyoanza nayo. Kaongeza, jibu limepungua, wala hakushtuka! Hilo ndilo linaloniuma, maana mtoto huyohuyo akipunjwa mchele dukani anajua palepale.

Basi tuufuate mchele. Bibi zetu wa pwani walipima kwa pishi. Pishi moja ni vibaba vinne, na vibaba viwili ni kisaga. Kwa hiyo kisaga ni nusu pishi, kibaba ni robo pishi. Tazameni hapa mezani: namimina kisaga kwenye beseni, naongeza kibaba. Beseni lina nini?

(Ukumbi: “Vibaba vitatu!”)

Naam. Hakuna aliyetaja sita. Kile kisaga mmekivunja wenyewe kichwani kikawa vibaba viwili, ndipo mkajumlisha: 2/4 + 1/4 = 3/4.

Namba ya chini, yaani asili, ni jina la kipimo. Ya juu, kiasi, inatuambia vipimo hivyo ni vingapi. Majina hayajumlishwi. Yakitofautiana, tunatafuta kipimo kidogo kinachoingia kamili katika vyote viwili; ndiyo kazi ya KDS, yaani kigawe kidogo cha shirika, ambayo tunaifundisha kama vile imeshuka tu ubaoni.

Wagawaji wa mirathi ya Kiislamu wanaijua vizuri. Mtu amefariki, kaacha mke, mama na mtoto mmoja wa kiume. Madeni yakishalipwa, mke ana thumni, 1/8. Mama ana sudusi, 1/6. Kinachobaki ni cha mtoto. (Majina haya ni ya Kiarabu, na sumni, ile senti hamsini ya zamani, imetokana na thumni hiyohiyo.) Nane na sita hazizungumzi lugha moja, kwa hiyo mgawaji anatafuta namba inayogawanyika kwa zote mbili: 24. Tuseme urithi ni minazi 24. Mke anapata 3, mama 4, jumla 7/24. Mtoto anachukua 17, na hakuna mnazi uliopasuliwa.

Kugawanya kwa sehemu sitakaa nako sana. Kabla mtoto hajakariri “geuza, zidisha”, mwulizeni: pishi tatu zina vibaba vingapi? Atasema 12, naye ameshafanya 3 ÷ 1/4.

Sasa njooni mezani, watatu watatu. Mchele upo, makopo yapo. Kila kundi lipime 3/4 ya pishi, litoe 1/2, tuone kinachobaki kabla hatujaandika chochote ubaoni.