Mtoto Aliyenyamaza Kidato cha Kwanza

Mgeni rasmi, walimu wenzangu, wazazi wangu, na ninyi wanangu mliopangiwa safu za nyuma, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie swali moja: shule zetu zinawabeba vijana wa leo, au zinawaangusha? Nimekaa nalo wiki mbili. Kila nikilishika linanirudisha kwenye chumba kimoja cha darasa, kidato cha kwanza, mwezi wa tatu, kipindi cha Baiolojia. Nitawapeleka huko. Ila kwanza mjue anayesema ni nani, msije mkadhani nahukumu nikiwa nje ya uzio.

Mimi nilianza kazi kama mwalimu wa leseni. Wakubwa humu mnakumbuka tulivyoitwa mitaani: vodafasta, yaani walimu wa chapuchapu. Mwaka 2005 nchi yetu, Tanzania, ilikuwa na shule za sekondari 1,745. Kufika 2009 zilizidi 4,000. Kila kata ilitakiwa iwe na yake. Wazazi walichangishwa, wakasomba mchanga na mawe, wakafyatua tofali, na majengo yakasimama kabla walimu hawajapatikana. Ndipo sisi tuliomaliza kidato cha sita tukachukuliwa, tukapewa mafunzo ya wiki chache, tukagawanywa. Mimi nikaangukia kata moja huko Kilosa. Shahada niliifuata baadaye. Kwa hiyo makosa nitakayoyasema leo, mengi niliyafanya kwa mkono wangu.

Shule inabeba. Hilo nalisema bila kusita, na anayelikana hajakaa kijijini. Mwaka nilioripoti, baba aliuza mbuzi ili mtoto alipiwe ada, na aliyekosa mbuzi alimrudisha mwanawe shambani. Tangu Januari 2016 ada ya sekondari hadi kidato cha nne imefutwa, na 2022 ikafutwa ya kidato cha tano na sita. Michango haijaisha, najua, naona mnavyotazamana. Lakini lile geti la ada lililowazuia watoto wa maskini limeondoka.

Na mabinti. Kwa miaka mingi, binti akipata mimba tulimfukuza. Nimewahi kubeba barua hiyo mwenyewe hadi nyumbani kwa mtu, mama yake akaipokea kwa mikono miwili kama anapokea maiti. Novemba 2021 Serikali ikaruhusu warudi. Mmoja alirudi kwangu na miaka 19, akaketi dawati la mbele na watoto waliokuwa wadogo zake. Mtoto alimwacha kwa bibi, na saa nane mchana akawa wa kwanza kutoka getini, mbio, kwa sababu maziwa yamejaa. Binti huyo leo ni muuguzi. Shule hiyohiyo, majengo yaleyale, walimu walewale. Kilichobadilika ni karatasi moja ya waraka. Kwa hiyo mtu asiniambie mambo haya hayabadiliki.

Sasa twende darasani.

Mwezi wa tatu. Watoto wamesoma msingi yote kwa Kiswahili, na sekondari ni kwa Kiingereza. Wamemaliza ile kozi ya awali ya Kiingereza ya wiki chache, wanahesabiwa kuwa tayari. Nimeandika ubaoni neno photosynthesis, na chini yake maana yake kwa Kiingereza, sentensi mbili. Nikawasomea, wakarudia kwa pamoja, sauti moja, nzuri kabisa. Nikauliza kama wameelewa. “Yes madam!” Darasa zima. Wiki iliyofuata nikatoa jaribio la maswali kumi. Kuna kijana mmoja wa mstari wa dirishani aliniletea karatasi yenye jina lake, tarehe, na mstari uliopigwa kwa rula. Basi. Nikaandika sifuri, nikaizungushia duara jekundu.

Jioni ya siku ile nilikuwa natoka kununua mafuta ya taa nikampita kwenye shamba la bibi yake, analima. Nikamuuliza, kwa Kiswahili maana tuko njiani, mbona mahindi ya upande huu yamenyong’onyea. Akaegemea jembe akanijibu: “Madam, haya yako chini ya mwembe. Mwembe unayaibia jua. Jani lisipopata jua haliwezi kupika chakula chake. Tulisoma darasa la sita, usanisinuru. Nilimwambia bibi asipande hapa, hakunisikia.” Kisha akanionyesha jani, akalishika kwa vidole viwili, akanieleza kwa nini la chini limekuwa la njano na la juu bado lina ukijani.

Ndugu zangu, ilikuwa ni lile jaribio. Maswali yangu karibu yote aliyajibu akiwa ameegemea jembe. Na karatasi yake yenye sifuri ilikuwa kwenye mkoba wangu, nimeibeba begani.

Mtoto huyu alipokuwa msingi alikuwa anauliza maswali. Nililithibitisha kwa mwalimu wake wa darasa la saba, ambaye alimkumbuka mara moja: “Yule msumbufu? Hakai bila kuuliza.” Kwangu mimi alikuwa mtoto mpole. Nilimsifia upole wake kwenye ripoti ya mwisho wa muhula. Kumbe niliandika sifa ya kitu tulichomnyang’anya.

Na tulimnyang’anya kwa bidii. Shuleni kwetu kulikuwa na kipande cha ubao kilichotobolewa na kutiwa kamba. Ukikutwa unaongea Kiswahili unavishwa shingoni, unakaa nacho hadi umnase mwenzako naye ateleze. Atakayekutwa nacho jioni anaosha vyoo. Mimi nilikuwa mwalimu wa zamu, nilikuwa naanza nacho asubuhi mstarini. Fikirini tulichokuwa tunawafundisha watoto wa miaka 14: kwamba kusema ni hatari, na rafiki yako akisema, mchomee.

Wengi nje ya shule hawajui jinsi tunavyofundisha hasa. Mtihani ni wa Kiingereza. Mthibiti ubora akija anataka Kiingereza. Mwalimu mwenyewe, nisifiche, Kiingereza chake ni cha kudra, kwa kuwa naye alipitia mlango uleule wa lugha. Basi anafunga mlango, anaeleza somo kwa Kiswahili watoto wakaelewa, halafu anageuka ubaoni anaandika notisi za Kiingereza wanakili. Kuelewa kumebaki kwenye lugha moja na daftari liko kwenye nyingine. Usiku mtoto anakariri daftari. Swali la mtihani likigeuzwa maneno mawili tu, amekwama.

Februari 2013 mlango ule wa lugha ulitupasukia usoni. Matokeo ya kidato cha nne ya mwaka 2012 yalitoka, kama asilimia 60 ya watahiniwa wamepata daraja sifuri, yaani wamefeli. Zaidi ya watoto 240,000. Waziri Mkuu akaunda tume, na matokeo yakafutwa yakapangwa upya. Siku ile nilisimama mbele ya ubao wa matangazo na wanafunzi wangu, hakuna aliyelia. Walisoma majina yao, wakaondoka mmojammoja kimyakimya, na ukimya ule naujua tangu kidato cha kwanza.

Mtaniambia hayo ni ya zamani, sasa watoto wanafaulu. Kweli, matokeo ya 2023 yalitangazwa kwa ufaulu wa asilimia 89. Lakini waliopata daraja la kwanza hadi la tatu walikuwa kama asilimia 37 tu. Waliofaulu waliobaki, zaidi ya nusu ya watahiniwa wote, wana daraja la nne, la chini kabisa la kufaulu. Mzazi anapiga vigelegele, mtoto kafaulu! Halafu kidato cha tano hakimchukui, chuo anachokitaka hakimchukui, na cheti kinakaa kwenye begi chini ya kitanda. Mimi hilo siliiti kufaulu. Kumpa kijana jina la ushindi ambalo hawezi kulitumia mahali popote ni kumwangusha kwa upole.

Wala hili si jambo jipya lililotushtukiza. Tume ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilitoa taarifa yake mwaka 1982, ikapendekeza Kiswahili kifundishie sekondari kuanzia 1985. Serikali haikukubali. Mwalimu Nyerere mwenyewe mwaka 1984 alisema Kiingereza ndicho Kiswahili cha dunia. Nampenda Mwalimu, na maneno yake ni ya kweli. Ila ukweli huo unatutaka tukifundishe Kiingereza vizuri, kama somo, na mwalimu anayekijua, vitabu, na muda wa kutosha. Hautulazimishi kumfundishia mtoto figo na moyo kwa lugha ambayo yeye hana na mwalimu wake anaibahatisha. Sera ya elimu ya 2014 ilikifungulia Kiswahili mlango wa ngazi zote. Toleo lake la 2023 limekibakiza Kiingereza sekondari.

Hapa ndipo ninapoomba mnisikilize zaidi. Chini ya sera hii elimu ya lazima ni miaka 10: sita ya msingi, minne ya sekondari. Ni jambo jema, nalipigania. Watoto walioanza mtaala mpya darasa la tatu mwaka 2024 watamaliza la sita mwaka 2027, na Januari 2028 wataingia kidato cha kwanza pamoja na darasa la saba la mwisho. Yaani zamani mlango ule wa lugha walipita baadhi. Sasa watapita wote, na wadogo kwa mwaka mmoja. Kama hatujabadili kitu, tutakuwa tumeupanua mlango unaonyamazisha.

Wazazi, nawaelewa. Mnaninong’oneza kila kikao: “Mwalimu, bila Kiingereza mwanangu ataajiriwa wapi?” Mnakopa kwenye vikoba mkampeleke shule ya mchepuo wa Kiingereza. Siwalaumu, na mimi wangu nimemsomesha kwa jasho. Lakini niambieni, yule wa shule ya kata aliyekaa miaka minne akifundishwa kwa Kiingereza, anakiongea? Mnamtuma kwa mgeni akaeleze bei ya nyanya, anaweza? Basi amekosa vyote, lugha na somo.

Nendeni mkaone gereji yoyote hapa Msamvu, Morogoro. Kijana aliyetoka na sifuri ya Fizikia anamweleza mwanafunzi wake kwa nini injini inachemsha, maji yanazungukaje, gasketi imeunguaje. Anauliza, anabishiwa, anafungua boliti aonyeshe. Nimewahi kusimama nusu saa nikisikiliza. Ndiyo maana huu mkondo wa amali, yaani wa ufundi, ulioanza 2024 nauombea heri, kwa sharti moja: tusiende kuwavisha karakana nazo ule ubao wa kamba.

Ninachofanya sasa ni kidogo, lakini kipo. Kila mada mpya, dakika kumi za mwanzo ni za Kiswahili, na anayeongea ni mwanafunzi. Mtihani wa Kiingereza unabaki palepale, siwezi kuuondoa. Lakini mtoto akishakisema kitu kwa mdomo wake, Kiingereza chake kinapata pa kushikilia. Mara ya kwanza niliposema “ongeeni”, walitazama mlangoni kuona kama mkuu wa shule anapita.

Yule wa mwembe hakumaliza. Aliacha kidato cha tatu. Nilimfuata mara mbili, mara ya pili bibi akaniambia kaenda Ifakara kwenye mashamba ya mpunga. Karatasi yake ninayo hadi leo.

Nimepewa dakika 40 na zimebaki kumi na kitu. Nimewaona mliokaa nyuma. Kuna kijana mwenye shati la bluu amenyoosha mkono tangu nilipotaja daraja la nne, akaushusha, akaunyoosha tena. Naomba kipaza sauti kifike kule. Karibu mwanangu, hapo hapo ulipo, kwa lugha yoyote.