ANA chanya: swali la kuuliza kabla ya kuogopa

Wauguzi, matabibu na wanafunzi, asanteni kwa kuja. Nimeombwa nizungumzie kingamwili zinazoushambulia mwili wenyewe. Nitaanzia kwenye majibu yanayowatia watu hofu isiyo na sababu: ANA chanya, yaani damu kuonekana ina kingamwili zinazonasa kiini cha seli za mwili.

Tazameni kipimo chenyewe. Kioo kina seli zilizooteshwa maabara, ziitwazo HEp-2. Mtaalamu anadondoshea majimaji ya damu ya mgonjwa yaliyozimuliwa, mara nyingi 1 kwa 80. Kingamwili zinazotambua sehemu za seli hunasa na hazitoki hata kioo kikioshwa. Kisha huongezwa kingamwili ya pili yenye rangi, na chini ya darubini seli zinawaka kijani. Kiini kikiwaka chote sawasawa, tunafikiria DNA au protini zilizoshikamana nayo. Kikitoka madoadoa, tunafikiria protini nyingine za seli, ziitwazo Sm, Ro na nyinginezo. Lakini bado hatujamtajia mgonjwa ugonjwa wowote.

Mwaka 1997 mtafiti aitwaye Eng Tan na wenzake walionyesha kwamba katika kiwango cha 1 kwa 80, watu wenye afya wapatao 13 kati ya 100 hutoka chanya. Lupasi, ugonjwa tunaouwinda kwa kipimo hiki, ambao kinga hushambulia viungo vya mwili wenyewe, haimpati hata mtu mmoja kati ya mia. Piga hesabu mwenyewe: ukimpima kila anayelalamika uchovu, utatisha wengi bure. Nasisitiza hili kwa sababu nimewaona kina mama waliokosa usingizi kwa karatasi hiyo. Uliza kwanza: viungo vinavimba? Upele wa mashavuni unazidi juani? Kuna vidonda mdomoni? Na mkojo upimwe protini, maana figo huharibika kimyakimya.

Dalili zikiwepo, tafuta kingamwili ipi hasa. Ya DNA ya nyuzi mbili mara nyingi hupanda lupasi inapochachamaa, hasa kwenye figo, kwa hiyo tunairudia. Kingamwili ya Sm, iliyoelezwa na Tan na mwenzake Kunkel mwaka 1966, wagonjwa wengi wa lupasi hawana, ila ikionekana inaelekeza kwenye lupasi kwa nguvu sana.

Tena kingamwili hutangulia. Utafiti wa mwaka 2003 ulirudia kupima damu iliyohifadhiwa ya wanajeshi wa Marekani: kati ya 130 waliokuja kuugua lupasi, 115 walikuwa nazo kabla ya ugonjwa kugunduliwa, wengine miaka mingi kabla. Basi mwenye ANA chanya asiye na dalili aelezwe arudi lini, na kwa dalili zipi.

Kingamwili ya Ro nimeiacha mwisho kwa makusudi. Mama anaweza kuwa nayo akiwa mzima kabisa, lakini hupita kondo la nyuma, na kwa takriban watoto 2 kati ya 100 huziba njia ya umeme ya moyo. Mjamzito wa namna hii moyo wa mtoto ufuatiliwe kuanzia wiki ya 16 hadi 26. Aliyewahi kupata mtoto mwenye tatizo hilo azungumze mapema na daktari kuhusu dawa ya haidroksiklorokwini, kwa kuwa hupunguza uwezekano wa kujirudia.